Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilijifunza methali hii darasani, nikaiandika katika daftari pamoja na maana yake: mgeni hukirimiwa mwanzoni, lakini akiendelea kukaa, naye ashiriki kazi za nyumba iliyompokea. Mwalimu alituuliza kama tuna swali. Sikuwa nalo. Swali lilinijia Desemba iliyopita, nyumbani kwetu Musanze, kaskazini mwa Rwanda, shangazi yangu alipokuwa akituonyesha picha za safari yake. Ni hili: vipi kuhusu mgeni anayeondoka siku ile ile aliyofika? Yeye siku ya tatu haimkuti. Je, jembe halimhusu?

Shangazi anaishi Vancouver, Kanada, ambako kwa miaka tisa amekuwa akiwatunza wazee katika makao yao. Si tajiri. Anawaogesha watu, anawageuza vitandani usiku, na sehemu ya mshahara wake ndiyo inayonilipia karo. Mwaka jana yeye na wenzake watatu wa kazini waliweka akiba wakapanda meli ya kitalii inayokwenda Alaska na kurudi kwa siku saba. Ilikuwa likizo yake ya kwanza tangu ahame. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nimeandika insha hii kumhukumu.

Picha nyingi zilikuwa za siku moja tu, siku ya Juneau. Meli ilifunga gatini saa moja asubuhi, na abiria waliambiwa wawe wamerudi kabla ya saa nane mchana. Katika saa hizo saba Shangazi alipanda basi hadi Mendenhall, mto wa barafu ulio umbali wa kilomita ishirini hivi kutoka katikati ya mji. Alitembea hadi kwenye maporomoko ya maji yaliyo kando yake, akanywa supu ya kaa, akanunua nguzo ndogo ya mbao yenye nyuso za ndege na wanyama, mfano wa zile nguzo ndefu zinazochongwa na wenyeji wa pwani ile, kisha akarudi melini. Alituonyesha barafu ya rangi ya samawati. Hakuna aliyewahi kuiona barafu kubwa namna hiyo nyumbani kwetu, na sote tulishangaa.

Bibi alikuwa akichambua maharage. Aliuliza kwa Kinyarwanda, "Na wenyeji wa huko wanaitwaje?"

Shangazi alifikiri kidogo. "Wamarekani, Mama."

"Nauliza wale wanaochonga hizo nguzo."

Shangazi hakujua.

"Basi ulimsalimia nani?"

Shangazi alisema dereva wa basi alikuwa mchangamfu sana na aliwasalimia abiria wote, lakini naye alikuwa mwanafunzi kutoka jimbo jingine, aliyekuja kufanya kazi ya msimu. Mwenye duka pia hakuwa wa pale. Kisha Shangazi akakasirika kidogo. "Mama, nililipa. Hakuna nilichopewa bure. Na hao watalii wanaopita hapa barabarani kwenda kuwaona sokwe, wanakusalimia wewe?"

"Hawanisalimii," Bibi alisema. "Ndiyo maana nauliza."

Mazungumzo yalihamia kwenye mambo mengine, lakini maneno hayo mawili, "nililipa" na "ulimsalimia nani", yalibaki kichwani mwangu. Naona ndani yake kuna swali la maadili linalostahili kujadiliwa: mtu aliyelipa nauli yake na kukaa saa saba tu katika nchi ya wengine, je, ana deni lolote kwao?

Ili tusijadili hewani, tuutazame kwanza mji wenyewe. Juneau ni mji mkuu wa jimbo la Alaska. Una wakazi wapatao 32,000 na umebanwa kati ya milima na bahari. Hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine. Anayeingia au kutoka hutumia ndege au chombo cha majini. Ardhi yake ni ya kale ya Watlingit wa ukanda wa Aak'w, ambao bado wanaishi hapo. Mwaka 1880 Kowee, kiongozi wa Watlingit hao, aliwaonyesha watafutaji wawili wa dhahabu mahali madini yalipo. Mji uliozaliwa kutokana na dhahabu hiyo ukachukua jina la mmoja wa wageni hao, Joe Juneau. Miaka 13 kabla ya hapo, yaani 1867, Urusi ilikuwa imeiuzia Marekani Alaska nzima kwa dola milioni 7.2, na waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Kwa hiyo historia ya pwani ile ni historia ya wageni ambao mara nyingi waliingia bila kubisha hodi.

Leo wageni wengi huja kwa meli, kati ya Aprili na Oktoba. Mwaka 2023 abiria zaidi ya milioni 1.6 walifika Juneau kwa meli za kitalii. Ukigawanya hesabu hiyo, kila mkazi mmoja, pamoja na mtoto mchanga, anapata wageni hamsini kwa msimu. Meli moja kubwa hubeba watu zaidi ya 4,000, na zilikuwepo siku ambazo meli sita au saba zilifika pamoja. Nataka msomaji aifikirie nyumba yake mwenyewe. Mgeni mmoja akija, unamwandalia chai. Wageni hamsini wakija, hata kama kila mmoja ni mpole, hata kama kila mmoja atakaa dakika chache tu, siku yako imekwisha.

Sasa turudi kwenye jibu la Shangazi. "Nililipa" ni jibu zito, na tusilidharau. Aliyelipa hakuiba. Hakuvamia. Alipata kibali cha kuingia, akafuata ratiba, akawa na adabu. Katika maisha ya kila siku malipo hufunga mambo mengi: nikimlipa kinyozi, hanidai kwamba niende kumjulia hali jioni. Kama tungedaiana shukrani na udugu katika kila biashara, hakuna ambaye angeweza kununua kitunguu sokoni bila kuchelewa.

Lakini malipo humaliza deni kwa yule aliyelipwa tu. Hapa ndipo jibu la Shangazi linapopungua. Alilipa nani? Sehemu kubwa ya fedha zake alizitoa Vancouver, akaipa kampuni ya meli. Nyingi ya meli hizo hupeperusha bendera za nchi kama Bahamas na Panama, ambako zimesajiliwa. Fedha nyingine alimpa mwenye basi na mwenye duka. Mkazi wa Juneau anayesubiri barabara ipungue magari ili apeleke mtoto kliniki hakuwa katika mkataba huo. Mzee anayesikia helikopta za watalii zikipita juu ya paa lake kuelekea kwenye barafu, tangu asubuhi hadi jioni, hakuwa katika mkataba huo. Mtlingit ambaye picha za ukoo wake zimepunguzwa zikawa pambo la rafu hakuwa katika mkataba huo. Tunaweza kuuziana vitu vyetu, lakini mimi na wewe hatuwezi kuuziana utulivu wa mtu wa tatu.

Mwaka 1795 mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kitabu kidogo kuhusu amani ya kudumu, na humo alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni haki ya kuzuru. Kwa kuwa dunia ni ya mviringo na watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, kila mtu ana haki ya kufika kwa wengine bila kutendewa kama adui. La pili ni haki ya kuwa mgeni wa nyumba, ya kupokelewa na kukirimiwa. Hiyo haitokani na kufika tu. Inahitaji makubaliano na wenyeji wenyewe. Kant aliwalaumu wafanyabiashara wa mataifa ya Ulaya wa zama zake kwa sababu walipoziendea nchi za mbali waliona kuzuru na kuteka ni kitu kimoja, na wenyeji waliwahesabu kuwa si kitu.

Mtalii wa leo hateki nchi. Hata hivyo, tofauti ya Kant inatusaidia. Tiketi ya Shangazi inathibitisha haki yake ya kuzuru. Haithibitishi kwamba watu wa Juneau wamemkaribisha. Ukaribisho unaweza kutolewa na wenyeji tu, na ili utolewe kwa kweli, lazima pia uweze kukataliwa. Mlango usioweza kufungwa si mlango, ni tundu katika ukuta.

Je, wenyeji wa Juneau wanaweza kuufunga? Wamejaribu kuurudishia kidogo kidogo. Mwaka 2006 wapiga kura wa Alaska walipitisha kodi inayotozwa kila abiria wa meli za kitalii. Kuanzia msimu wa 2024 Juneau na kampuni za meli zilikubaliana kwamba zisije meli kubwa zaidi ya tano kwa siku. Mwaka huo huo zikakubaliana tena kwamba kuanzia 2026 nafasi za abiria zisizidi 16,000 kwa siku, na 12,000 kwa Jumamosi. Hata baada ya kupunguzwa, idadi hiyo ni sawa na nusu ya wakazi wote kushuka ngazi kwa pamoja. Baadhi ya wakazi waliona haitoshi. Wakapeleka pendekezo kwa wapiga kura: Jumamosi zote, na pia tarehe 4 Julai ambayo ni sikukuu ya taifa, meli zenye uwezo wa kubeba abiria 250 au zaidi zisiruhusiwe kabisa.

Pendekezo hilo lilipigiwa kura Oktoba 2024, na wengi walilikataa.

Hapa naomba tusimame, kwa sababu matokeo hayo yanaonya watu kama mimi. Ni rahisi kukaa mbali na kuwahurumia wenyeji kwa huzuni ambayo wao wenyewe hawajaisema. Wahenga walikuwa na methali nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, msimu wa meli kubwa ulipotea Alaska nzima. Barabara zilikuwa tulivu, na maduka yalikuwa yamefungwa. Waongoza watalii, madereva, wapishi, wachongaji na wenye mashua za kuangalia nyangumi walikaa bila kipato. Sisi wa Musanze tunakumbuka mwaka huo. Mbuga ilipofungwa, vijana waliokuwa wakibeba mizigo ya watalii walirudi kulima viazi katika mashamba yasiyotosha. Hakuna aliyeshangilia ule utulivu. Kwa hiyo mtu anayesema "watalii wasije" mara nyingi ni mtu ambaye mlo wake hautegemei kuja kwao.

Tena, mwenyeji si mtu mmoja. Ndani ya Juneau yuko anayefungua duka kwa furaha meli ikipiga honi na yuko anayefunga dirisha. Wote wawili ni wenyeji. Mgeni hana haki ya kumchagua yule anayemfurahia na kusema huyo ndiye sauti ya mji. Lakini hata mimi sina haki ya kumchagua yule mwenye manung'uniko. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba uamuzi ni wao, na kwamba mgeni mwema huufuata uamuzi huo, uwe wa meli tano au wa meli moja, bila kunung'unika kwamba fedha yake imekataliwa.

Wako watakaoona kuweka idadi ni kukosa ukarimu. Nawaomba wapande pamoja nami hadi kwenye Mbuga ya Taifa ya Volkano, iliyo karibu na kwetu. Mgeni kutoka nchi za mbali hulipa dola 1,500 kwa kibali cha kuwaona sokwe wa milimani. Kwa fedha zote hizo anapewa saa moja. Kundi lake halizidi watu wanane. Akiwa na mafua, anaweza kuzuiwa asipande. Sijawahi kusikia mtalii akisema kwamba Rwanda inawachukia wageni kwa sababu ya masharti hayo. Anayakubali, tena anayasifu, kwa kuwa anaelewa kwamba sokwe wana maisha yao na kwamba saa moja ya wageni wanane kwa siku ndiyo wanayoweza kuvumilia. Ikiwa tunakubali hivyo kwa sokwe, tunaona ugumu gani kukubali kwamba mji wa watu nao una kiasi chake? Bibi yangu anaishi chini ya mlima huo huo. Sokwe wamewekewa kipimo cha wageni. Yeye hajawekewa, na magari hupita mbele ya mlango wake yakitimua vumbi tangu alfajiri.

Nikisema hivyo sitaki kuficha mema. Tangu mwaka 2017 asilimia 10 ya mapato ya mbuga hurudi kwa jamii zinazoizunguka, na shule na maji vimepatikana kwa njia hiyo. Bibi anachota maji kwenye bomba la namna hiyo. Lakini alichouliza hakikuwa maji. Aliuliza salamu. Nadhani alijua kwamba bomba ni malipo na salamu ni kitu kingine, na kwamba anayepewa cha kwanza haachi kuhitaji cha pili.

Sasa nije kwenye pingamizi gumu zaidi. Mtu anaweza kusema: saa saba hazitoshi chochote. Katika muda huo huwezi kuijua nchi, huwezi kufanya urafiki, huwezi kushika jembe. Ama ukae miezi sita, ama ubaki kwenu; ziara ya siku moja ni uongo tangu mwanzo.

Sikubaliani na hoja hii, na sababu yangu ipo Kigali. Katika Ukumbusho wa Gisozi wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wageni wengi wanaofika pale hukaa saa moja au mbili. Wengine wana ndege ya jioni. Hatuwaambii kwamba muda wao ni mfupi mno na kwamba wasije. Tunawataka mambo machache: wapunguze sauti, wasome, waangalie nyuso zilizo ukutani, wajue majina machache. Mgeni anayefanya hivyo kwa saa moja ametimiza wajibu ambao mwingine anaweza kuukosa kwa mwaka mzima. Ufupi wa muda si dhambi. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alikaa kijijini kwetu miaka minne bila kujua jina la jirani yake, na muuza chumvi anayepita mara moja kwa mwezi anajua watoto wa kila nyumba.

Kwa hiyo kama kuna deni, linaweza kulipwa ndani ya saa saba. Narudi kwenye methali yangu. Naona kwamba mgeni wa siku moja hakuachiliwa jembe. Amenyimwa muda wa kulingoja hadi siku ya tatu, basi inambidi alishike siku ya kwanza. Jembe hilo ni dogo, lakini lina kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kujua yuko kwa nani. Kabla ya kushuka melini Shangazi alijua joto la siku hiyo, bei ya basi na saa ya kurudi. Hakujua neno "Tlingit". Lingemgharimu dakika moja. Kujua jina la wenyeji hakubadilishi historia, wala hakumrudishii mtu ardhi. Lakini kunambadilisha anayetazama. Nguzo zile si sanamu za kuabudiwa, kama baadhi ya wamishonari walivyodhani, wala si mapambo. Ni kumbukumbu za koo, za wafu na za matukio, na alama zilizomo zina wenyewe. Anayelijua hilo hatapiga picha huku amezipa mgongo na kunyoosha vidole viwili. Kutojua si kosa kubwa, lakini ni mlango ambao makosa mengine huingilia.

Kazi ya pili ni kununua kwa ukweli. Jioni ile Bibi aliigeuza ile nguzo ndogo akaona maandishi chini yake. Mimi ndiye niliyemsomea: ilikuwa imetengenezwa katika nchi nyingine kabisa, mbali na Alaska, mbali na Marekani. Kumbe Shangazi alikuwa amebeba kutoka Juneau kitu ambacho Juneau haikukitengeneza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inakataza kuuza kazi kama ya wenyeji ilhali si yao, na Alaska ina alama ya mkono wa fedha inayobandikwa kwenye kazi halisi za wasanii wenyeji. Lakini duka lile halikudanganya kwa maneno. Liliandika ukweli chini ya kitako na kumwachia mnunuzi asiyeuliza ajidanganye mwenyewe. Kuuliza "nani alichonga hii?" ni salamu pia. Pengine ndiyo salamu ambayo mchongaji anaihitaji kuliko zote.

Kazi ya tatu ni kutii mlango: kukubali idadi, kukubali kodi, kukubali sehemu ambazo mgeni haingii, na kukubali siku ambayo hakuna kuja. Hii ni kazi ya abiria, lakini zaidi ni kazi ya yule aliyewaleta. Si haki kumtwika mlezi wa wazee aliyepumzika siku saba mzigo wa meli ya watu elfu nne. Anayepanga meli ngapi zifike saa ngapi ndiye mwenye jembe kubwa, na kwake methali inasema wazi zaidi, maana yeye si mgeni wa siku moja. Harudi kwao jioni. Yuko pale kila siku kwa miezi saba, mwaka baada ya mwaka. Siku yake ya tatu ilikwisha pita zamani.

Na inawezekana mwenyeji mwenyewe akawa na ufunguo. Magharibi ya Juneau kuna kijiji cha Watlingit kiitwacho Hoonah. Karibu na kijiji, mahali palipokuwa na kiwanda cha zamani cha kusindika samaki, kuna bandari ya meli za kitalii iliyofunguliwa mwaka 2004. Mmiliki wake ni shirika la wenyeji wenyewe, lililotokana na sheria ya mwaka 1971 iliyotatua madai ya ardhi ya wenyeji wa Alaska. Hata huko wapo wanaolalamika kwamba wageni ni wengi kwa kijiji cha watu wasiofika elfu moja. Lakini wanalalamikiana wao kwa wao, kama watu wa nyumba moja wanaobishana ni wageni wangapi waalikwe. Huo ni ubishi wenye heshima.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulimaliza, na sitajifanya nimelimaliza. Ni lile lenyewe ambalo Shangazi alikwenda kuliona. Kituo cha wageni cha Mendenhall kilijengwa mwaka 1962. Wakati huo barafu ilikuwa karibu. Tangu hapo imerudi nyuma sana, na ziwa lililo mbele yake limezidi kupanuka. Dunia inapopata joto, barafu inayeyuka. Katika bonde la pembeni maji hujikusanya nyuma ya barafu kisha hupasua njia kwa ghafla, na tangu 2011 hali hiyo imekuwa ikileta mafuriko karibu kila mwaka. Agosti 2023 mto ulikula kingo zake hadi nyumba ikaangukia majini. Agosti 2024 maji yaliingia katika mamia ya nyumba. Wengi huenda kuiona barafu kabla haijatoweka, na moshi wa meli na ndege zinazowapeleka ni sehemu ya sababu ya kutoweka kwake. Ni kama kumtembelea mgonjwa huku umebeba ugonjwa.

Sehemu ya Shangazi katika hilo ni ndogo kama tone. Ndege aliyopanda kuja kumwona mama yake ilitoa moshi pia, na hakuna kati yetu anayetamani kwamba asingekuja. Sijui pa kuweka mpaka kati ya safari inayostahili na isiyostahili, na namwogopa kidogo mtu anayejua kwa urahisi, hasa kama yeye mwenyewe amekwisha safiri vya kutosha. Ninachoona ni kwamba hapa jibu la "nililipa" linashindwa kabisa. Hakuna dirisha ambapo mtu anaweza kulilipa ziwa, wala risiti ya mwenye nyumba iliyoangukia mtoni. Deni hilo mgeni anaondoka nalo. Uaminifu pekee ni kukubali kwamba analo, na kulikumbuka anapopiga kura, anaponunua na anapopanga safari nyingine.

Kwa kuhitimisha, nasema kwamba mgeni wa saa saba ana deni, na deni hilo linaweza kubebwa na mtu wa kawaida. Hadaiwi aache kupumzika, wala hadaiwi huzuni. Anadaiwa kujua yuko kwa nani, kuuliza kabla ya kununua, na kuheshimu mlango hata unapofungwa. Asiyefanya hivyo hakutenda uovu mkubwa. Amepita tu katikati ya watu kana kwamba hawapo, na kila mmoja wetu aliyewahi kupitwa namna hiyo anajua jinsi inavyouma.

Siku mbili kabla ya kurudi Kanada, Shangazi alikaa na simu yake akatafuta. Alimwambia Bibi, "Mama, wanaitwa Watlingit." Bibi alilirudia jina mara tatu mpaka likakaa mdomoni. Ile nguzo ndogo iliachwa kwetu, iko juu ya kabati karibu na redio. Wageni wakiuliza, Bibi huwaambia kwamba ni mfano wa kazi ya Watlingit, watu wa nchi ya barafu, ila hii si wao walioichonga. Kisha huwauliza wao wametoka wapi, na kwao ni nani.